Jonathan Swift: Kasisi aliyewafundisha raia haki zao kwa kejeli

OKTOBA 27, 1724, serikali ya Ireland ilitoa tangazo mjini Dublin kuahidi zawadi ya pauni 300 kwa mtu yeyote atakayemfichua mwandishi wa kijitabu kilichokuwa kikisomwa kila kona ya nchi hiyo. Kijitabu chenyewe kilitiwa saini ya herufi mbili tu, M.B., na mwandishi wake alijitambulisha kuwa ni muuza vitambaa wa mjini humo.

Pauni 300 hazikuwa fedha ndogo. Fundi wa kawaida wa zama hizo angeweza kufanya kazi miaka mingi bila ya kuzitia mkononi.

Sehemu kubwa ya wakazi wa Dublin walijua, au angalau walihisi, kwamba muuza vitambaa huyo hakuwa na duka wala jora moja la kitambaa. Alikuwa ni Jonathan Swift, Mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, kasisi mwenye umri wa miaka 56. Hata hivyo, siku zilipita, wiki zikapita, na hakuna aliyejitokeza kuidai zawadi hiyo.

Leo hii Swift anafahamika zaidi kwa hadithi ya baharia Gulliver na watu wafupi wa Lilliput, hadithi ambayo watoto wa mataifa mengi husimuliwa kabla ya kulala. Lakini kwa watu wa Ireland wa karne ya 18 alikuwa mwalimu. Aliwafundisha wauza maduka, mafundi na wakulima sheria inasema nini juu ya mfalme, bunge, mahakama na fedha zilizomo mifukoni mwao, na somo lenyewe alilifundisha kwa kuwachekesha.

Yatima wa Dublin

Swift alizaliwa mjini Dublin Novemba 30, 1667. Baba yake, ambaye naye aliitwa Jonathan, alikuwa Mwingereza aliyehamia Ireland kutafuta maisha. Alifariki dunia miezi michache kabla mwanawe hajazaliwa, akimwacha mjane wake, Abigail, akiwa hana kitu.

Kwa maelezo ya Swift mwenyewe, alipokuwa bado mtoto mchanga yaya aliyemlea alivuka naye bahari hadi mji wa Whitehaven, Uingereza, bila ya mama yake kujua, kwa kuwa alimpenda na hakutaka kutengana naye. Alikaa huko karibu miaka mitatu, na aliporejeshwa Dublin alikuwa tayari anaweza kusoma Biblia.

Baadaye mama yake alirudi kwao Leicester, Uingereza, na mtoto akabaki mikononi mwa baba yake mkubwa, Godwin Swift. Huyo ndiye aliyemlipia ada katika shule ya Kilkenny, na mwaka 1682, akiwa na umri wa miaka 14, akamwingiza Chuo cha Trinity mjini Dublin.

Chuoni hakung'ara. Alivunja kanuni mara kwa mara, na shahada yake ya mwaka 1686 alitunukiwa kwa upendeleo maalumu wa chuo.

Vita vilipozuka nchini humo kufuatia mapinduzi ya Uingereza ya mwaka 1688, Swift aliondoka na kwenda kuwa katibu wa Sir William Temple, mwanadiplomasia mstaafu aliyeishi Moor Park, katika jimbo la Surrey. Hapo ndipo alipopata maktaba kubwa ya kusoma. Aidha, hapo ndipo alipokutana na Esther Johnson, msichana mdogo aliyemfundisha kusoma na kuandika, ambaye baadaye alimpa jina la Stella na kuwa rafiki yake wa karibu hadi mwisho wa maisha ya mwanamke huyo.

Katika miaka hiyo hiyo ulimwanza ugonjwa wa kizunguzungu na uziwi uliomsumbua maisha yake yote. Alipata upadri mwaka 1695, akatumwa parokia ya Kilroot karibu na Belfast, na baada ya Temple kufariki dunia mwaka 1699 akapewa parokia ndogo ya Laracor, si mbali sana na Dublin.

Mnajimu aliyezikwa hai

Mwaka 1704 Swift alichapisha kitabu chake cha kwanza kikubwa cha tashtiti, A Tale of a Tub, kilichoyadhihaki madhehebu ya Kikristo na ugomvi wao. Kitabu hicho kilimpa sifa ya uandishi, ingawa inaaminika pia kuwa ndicho kilichomfanya Malkia Anne asimtazame kwa jicho jema.

Lakini kisa kilichoonyesha jinsi alivyojua kuitumia kejeli kama somo ni kile cha mwaka 1708. Wakati huo, mjini London, kulikuwa na mnajimu aitwaye John Partridge, aliyeuza kalenda zenye utabiri wa mambo ya mwaka mzima. Watu walizinunua kwa wingi na kuamini yaliyomo.

Swift, akitumia jina la bandia la Isaac Bickerstaff, alitoa kalenda yake mwenyewe. Ndani yake alitabiri kwamba Partridge angefariki dunia kwa homa usiku wa Machi 29 mwaka huo. Siku hiyo ilipopita, kilitolewa kijitabu kingine kikieleza kwa kirefu namna mnajimu huyo alivyokata roho.

Partridge alitangaza kwa hasira kwamba yu hai na ana afya njema. Bickerstaff alijibu kwa utulivu kwamba haiwezekani, na akatoa hoja zake moja baada ya nyingine. London nzima ikaangua kicheko. Nyuma ya mzaha huo lilikuwamo somo kwamba jambo haliwi kweli kwa sababu tu limepigwa chapa, na kwamba anayejigamba kujua ya kesho apimwe kwa yaliyotimia.

Kati ya mwaka 1710 na 1714 Swift aliishi London akiwa kalamu ya serikali ya chama cha Tory. Aliandika katika gazeti la Examiner, na kijitabu chake cha mwaka 1711, The Conduct of the Allies, kilisaidia kuwashawishi wananchi kwamba vita vya muda mrefu dhidi ya Ufaransa vinapaswa kumalizwa. Katika miaka hiyo aliona kwa macho yake jinsi vyeo vinavyogawiwa na jinsi urafiki wa wakubwa unavyonunuliwa.

Alitarajia kupewa uaskofu nchini Uingereza. Badala yake, mwaka 1713 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, Dublin. Malkia Anne alipofariki Agosti 1, 1714, chama chake kilianguka, naye akarudi Ireland kama mtu aliyehukumiwa kwenda uhamishoni.

Sarafu za Wood

Ireland aliyorejea ilikuwa na bunge lake, lakini bunge hilo halikuwa na nguvu. Tangu mwaka 1494 sheria ilitaka miswada yake ipate kwanza kibali cha mfalme na washauri wake huko Uingereza. Mwaka 1699 nchi hiyo ilizuiwa kuuza vitambaa vyake vya sufi katika nchi za nje, na mwaka 1720 Bunge la London likajipa rasmi mamlaka ya kuitungia Ireland sheria.

Mwaka huo huo wa 1720 Swift alivunja ukimya wa miaka sita. Katika kijitabu kisichokuwa na jina lake, aliwataka Wairish wavae nguo zinazofumwa nchini mwao. Alikumbusha hadithi ya kale ya mungu wa kike aliyemgeuza mfumaji kuwa buibui, akaongeza kuwa Ireland imetendewa vibaya zaidi, kwa sababu buibui angalau aliruhusiwa kuendelea kufuma.

Mpiga chapa wa kijitabu hicho, Edward Waters, alifikishwa mahakamani. Wazee wa baraza walipotamka kwamba hana hatia, Jaji Mkuu William Whitshed aliwarudisha kujadiliana upya mara tisa, hadi wakachoka na kuliacha suala hilo mikononi mwake. Kesi hiyo hatimaye ilifutwa, lakini Swift hakumsahau jaji huyo.

Kisha likaja suala la sarafu. Mwaka 1722 mfanyabiashara wa chuma wa Uingereza, William Wood, alipata hati ya mfalme ya kutengeneza sarafu za shaba za nusu peni na robo peni kwa matumizi ya Ireland, zenye thamani ya pauni 100,800, kwa kipindi cha miaka 14. Hati hiyo aliinunua kwa pauni 10,000 kutoka kwa Duchess wa Kendal, hawara wa Mfalme George wa Kwanza. Bunge la Ireland halikuulizwa.

Ni kweli kwamba nchi ilihitaji fedha ndogo za chenji. Lakini hofu ya watu ilikuwa kwamba kiasi kikubwa namna hiyo cha shaba kingeifukuza dhahabu na fedha kutoka nchini, huku faida yote ikimwendea mtu mmoja. Mabunge yote mawili ya Dublin yalilalamika mwaka 1723, na malalamiko yao hayakusikilizwa.

Ndipo mwanzoni mwa mwaka 1724 alipojitokeza muuza vitambaa, M.B. Barua yake ya kwanza ilielekezwa kwa wauza maduka, mafundi, wakulima na watu wa kawaida, na iliuzwa kwa bei ndogo ili kila mtu aweze kuimudu. Lugha yake ilikuwa ya dukani na sokoni.

Kwanza aliwachekesha. Aliwataka wamfikirie bibi tajiri anayekuja dukani kwa gari lake la farasi, huku nyuma yake likifuata mkokoteni uliosheheni sarafu za Wood za kulipia nguo. Aliwataka pia wapige hesabu ya tajiri Conolly, mmoja wa wenye mashamba wakubwa nchini, ambaye angehitaji mamia ya farasi kubeba kodi yake ya nusu mwaka.

Walipokwisha kucheka, akawafundisha sheria. Aliwaeleza kwamba mfalme hana uwezo wa kumlazimisha raia kupokea sarafu isiyokuwa ya dhahabu au fedha, na kwamba hati ya Wood yenyewe ilisema sarafu zake zitapokelewa na wale tu watakaopenda. Kwa maneno mengine, raia alikuwa na haki ya kukataa, na akikataa hatakuwa amevunja sheria yoyote wala kumvunjia mfalme heshima.

Somo hilo lilikuwa fupi na lilieleweka. Mtu asiyejua kusoma aliweza kusomewa, na aliyesomewa aliweza kumweleza jirani yake.

Serikali ya London ilimwita mwanasayansi Isaac Newton, aliyekuwa msimamizi wa kiwanda cha sarafu cha taifa, kupima sampuli za Wood. Newton aliona kuwa zimetimiza masharti. Swift alijibu kwa kumfananisha Wood na mtu anayetaka kuuza nyumba kisha anatembea na tofali moja mfukoni kama sampuli.

Ikumbukwe kwamba katika suala la ubora wa sarafu Swift alitia chumvi. Sarafu za Wood hazikuwa mbovu kwa kiwango alichokieleza. Lakini hoja iliyokuwa nyuma ya shaba hiyo ilikuwa nzito zaidi, nayo aliitoa waziwazi katika barua ya nne, iliyoelekezwa kwa watu wote wa Ireland. Humo alieleza kwamba kutawaliwa bila ya ridhaa ya watawaliwa ndiyo maana halisi ya utumwa, na kwamba Ireland na Uingereza ni nchi mbili zenye mfalme mmoja, wala moja si mali ya nyingine.

Barua hiyo ndiyo iliyoleta tangazo la pauni 300. Aliyelazimika kulitoa alikuwa Lord Carteret, mwakilishi mpya wa mfalme mjini Dublin, ambaye alikuwa rafiki wa Swift tangu enzi za Malkia Anne.

Aliyelipa gharama

Aliyekamatwa hakuwa Swift. Novemba mwaka huo mpiga chapa wake, John Harding, alitupwa gerezani. Huu ndio upande wa kisa ambao mara nyingi husahaulika, kwamba mwandishi alijificha nyuma ya jina la bandia, lakini jina la mpiga chapa lilikuwa wazi chini ya kila nakala.

Jaji Whitshed aliwataka wazee wa baraza walitangaze kuwa la uchochezi andiko jingine lililosambazwa kuwashauri kuhusu wajibu wao. Wazee hao walikataa. Jaji alilivunja baraza zima kwa hasira.

Swift alijibu kwa somo jingine la uraia. Alisambaza azimio ambalo Bunge la Uingereza lenyewe lilikuwa limelipitisha mwaka 1680, lililosema kwamba kitendo cha jaji kuvunja baraza la namna hiyo ni kinyume cha sheria. Baraza la pili lilipoitwa, nalo lilikataa kumshitaki mtu kwa sababu ya andiko hilo, na badala yake likawashutumu wote watakaojaribu kuziingiza sarafu za Wood nchini.

Mitaani, watu walikuwa wakipeana aya ya Biblia kutoka Kitabu cha Kwanza cha Samweli, inayoeleza jinsi watu walivyomwokoa Jonathan asiuawe kwa amri ya Mfalme Sauli. Hapakuhitajika maelezo zaidi. Jina la kasisi wao lilikuwa limo ndani yake.

Mwaka 1725 serikali ilisalimu amri. Hati ya Wood ilifutwa, na mfanyabiashara huyo akalipwa fidia ya pauni 3,000 kwa mwaka kwa muda wa miaka minane. Dublin ilisherehekea, na picha ya muuza vitambaa ikatundikwa nje ya mabaa na maduka.

John Harding hakuiona siku hiyo. Alifariki dunia mwezi Aprili mwaka huo huo, muda mfupi baada ya masaibu ya gerezani. Mjane wake, Sarah, aliendelea na kazi ya kupiga chapa, na miaka minne baadaye ndiye aliyechapisha andiko jingine la Swift lililotikisa ulimwengu.

Wacheza kamba wa Lilliput

Mwaka 1726 Swift alisafiri kwenda London akiwa na mswada wa kitabu. Kwa kuwa alijua kilichompata Harding, hakuupeleka mwenyewe kwa mchapishaji. Ulinakiliwa kwa mwandiko wa mtu mwingine na kupelekwa kwa siri, hivi kwamba mchapishaji Benjamin Motte hakujulishwa rasmi umetoka kwa nani.

Kitabu hicho, Gulliver's Travels, kilitoka Oktoba 28, 1726, na toleo la kwanza lilimalizika ndani ya wiki moja. Swift alisimulia kwa mzaha katika barua kwamba askofu mmoja alikisoma na kusema karibu haamini hata neno moja la yaliyomo.

Watoto walicheka kwa sababu ya watu wenye urefu wa inchi sita. Wakubwa walicheka, kisha wakanyamaza. Katika nchi ya Lilliput, anayetaka uwaziri hupimwa kwa uwezo wa kucheza juu ya kamba, na anayeruka juu zaidi bila ya kuanguka ndiye anayepewa wizara. Vyama viwili vya siasa vinatofautiana kwa urefu wa visigino vya viatu. Na watu 11,000 wamekubali kufa kuliko kulivunja yai upande wa ncha ndogo.

Msomaji wa London aliyekuwa akishuhudia ugomvi wa vyama na madhehebu hakuhitaji kufafanuliwa. Aliona siasa za nchi yake zikiwa zimepunguzwa kimo, na jambo lililomtisha jana likawa dogo kiasi cha kuchekwa.

Katika sehemu ya pili, mambo yanageuzwa. Gulliver anafika nchi ya majitu na kumsifia mfalme wao utawala wa Uingereza. Mfalme huyo anauliza maswali rahisi. Wabunge wanapatikanaje? Je, mgeni mwenye fedha nyingi anaweza kununua kura? Kesi huchukua muda gani? Kwa nini taifa linadaiwa kama mtu binafsi asiyejua kutumia? Kila jibu la Gulliver linazidi kumwaibisha. Hadi leo ni vigumu kupata orodha bora zaidi ya maswali ambayo raia anapaswa kuiuliza serikali yake.

Katika sehemu ya tatu kuna kisiwa kinachoelea angani, ambacho mfalme wake huwaadhibu raia waasi kwa kuwazibia jua na mvua. Swift aliandika pia aya kuhusu mji mmoja uliokiasi kisiwa hicho na kushinda, aya iliyofanana mno na kisa cha Dublin na sarafu za Wood. Aya hizo ziliachwa nje ya kitabu, na hazikuchapishwa hadi mwaka 1899.

Pendekezo lililotisha

Januari 28, 1728, Stella alifariki dunia. Swift, akiwa mgonjwa, hakuweza kuhudhuria mazishi yaliyofanyika usiku ndani ya kanisa lake mwenyewe. Alihamia chumba kingine cha nyumba yake ili asione mwanga wa taa kutoka madirisha ya kanisa.

Miaka hiyo mavuno yalikuwa mabaya mfululizo, na barabara za Dublin zilijaa kina mama ombaomba wenye watoto mgongoni. Wenye mashamba wengi waliishi Uingereza na kula kodi zao huko. Swift alikuwa ameandika mapendekezo mengi ya dhati: kodi itozwe kwa wenye mashamba wasiokaa nchini, bidhaa za ndani zinunuliwe, wapangaji waonewe huruma. Hakuna aliyemsikiliza.

Mwaka 1729 alitoa A Modest Proposal. Katika sauti ya mtaalamu mpole wa uchumi, mwandishi anapendekeza kwamba watoto wa maskini, wanapofikisha umri wa mwaka mmoja, wauzwe kwa matajiri kama kitoweo. Anapiga hesabu za gharama na faida, anaeleza namna ya mapishi, na anadokeza kwamba wenye mashamba ndio watakaostahili zaidi chakula hicho, kwa kuwa wamekwisha kuwala wazazi.

Karibu na mwisho, mwandishi huyo wa kubuni anaorodhesha masuluhisho mengine na kuyatupilia mbali kuwa hayawezekani. Ni yale yale ambayo Swift alikuwa ameyapendekeza kwa dhati kwa miaka tisa. Msomaji aliyechukizwa na wazo la kuwala watoto alilazimika kujiuliza kwa nini hakuchukizwa alipowaona watoto hao hao wakifa njaa mlangoni kwake.

Mipaka ya mwalimu

Pamoja na hayo, Swift hakuwa mtetezi wa kila mtu. Alipozungumzia watu wa Ireland, kwanza kabisa aliwafikiria Waprotestanti wa kanisa lake. Aliunga mkono sheria iliyowazuia Wapresbiteri kushika nyadhifa za umma. Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi nchini, hawakuruhusiwa kuingia bungeni, na mwaka 1728 waliondolewa hata haki ya kupiga kura. Swift hakuifanya haki yao ya kisiasa kuwa vita vyake.

Hata hivyo, neno likishatoka halirudi. Wazo kwamba utawala unahitaji ridhaa ya watawaliwa halikubakia mali ya kundi moja, na vizazi vilivyofuata vya Wairish, Waprotestanti kwa Wakatoliki, vilimhesabu miongoni mwa waasisi wa madai yao. Sheria ya mwaka 1720 ilifutwa mwaka 1782.

Katika maisha yake binafsi Swift alikuwa mkali wa ulimi lakini mkunjufu wa mkono. Aliwakopesha mafundi maskini wa Dublin fedha ndogo ndogo bila ya riba ili wanunue zana za kazi. Mwaka 1730 mji huo ulimtunukia uraia wa heshima ndani ya kijaluba cha dhahabu.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya giza. Uziwi ulizidi, kumbukumbu zikapotea, na mwaka 1742 aliwekwa chini ya waangalizi kwa kuwa hakuweza tena kujitunza. Alifariki dunia Oktoba 19, 1745, akiwa na umri wa miaka 77, na akazikwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick karibu na Stella, chini ya maandishi ya Kilatini aliyoyatunga mwenyewe.

Sehemu kubwa ya mali yake aliiacha ijenge hospitali ya wagonjwa wa akili, akitania katika mashairi yake kwamba hakuna taifa lililoihitaji zaidi. Hospitali hiyo ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1757, na inaendelea na kazi hadi leo.

Kutoka Lilliput hadi Kusadikika

Wasomaji wa Kiswahili walimpata Swift katika miaka ya 1930, pale tafsiri ya Safari za Gulliver, iliyofanywa na Frederick Johnson, ilipoingia katika shule za Afrika Mashariki. Tafsiri hiyo ilikuwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya hadithi vilivyosomwa na kizazi kizima cha wanafunzi enzi za ukoloni.

Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, hadithi ya nchi iliyoko angani. Wahakiki wamekuwa wakiilinganisha na safari za Gulliver, na si kwa sababu ya anga peke yake. Shujaa wake, Karama, anashitakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria, na anajitetea kwa kusimulia hadithi moja baada ya nyingine.

Kosa hilo ndilo lililomfanya Swift atafutwe kwa pauni 300 mjini Dublin miaka 227 kabla yake. Hakushika silaha wala hakuitisha maandamano. Aliwaeleza watu wa kawaida, kwa lugha waliyoielewa, kwamba sheria inawaruhusu kukataa.

Mwaka 1978 Benki Kuu ya Ireland ilitoa noti mpya ya pauni 10, na sura iliyochapwa juu yake ilikuwa ya Jonathan Swift. Mtu aliyewafundisha Wairish kuikataa sarafu ya mfalme aliingia mifukoni mwao akiwa noti halali ya nchi huru, na safari hiyo waliipokea bila ya kulazimishwa.